Maji Juu ya Sakitu

Mwezi wa kumi, redio inapotangaza kwamba joto na ukavu vitaendelea mpaka mwisho wa juma, mimi husimama nikaangalie kama koleo lipo nyuma ya mlango. Halipo. Nililikabidhi pamoja na funguo na koti la manjano siku niliyoacha kazi, lakini mwili wangu haujapata habari hiyo.

Sijafika hamsini, kwa hiyo msiniite babu. Kazi ya kutunza majengo ina namna yake ya kupima umri, na inaanzia magotini. Yangu yalikataa ngazi, daktari akakubaliana nayo, nikaambiwa nipumzike. Kupumzika kwenyewe sijui. Nimeishi Fittja, nikaishi Rissne, sasa nipo Rågsved, vyote vitongoji vya Stockholm, na popote nilipohamia nilianza kupakumbuka nilipotoka kabla sijamaliza kufungua maboksi.

Ninawaandikia ninyi mnaolivaa lile koti sasa. Siku hizi simu ndiyo inayowaamsha: inalia, mnapanda mashine, mnamwaga mchanga wa kuzuia utelezi, mnarudi kunywa kahawa. Sisi tulikuwa na ndoo, kopo la bati na mkono. Sisemi zamani ilikuwa bora, mkono ulipasuka mpaka ukatoa damu. Ila simu haijui ngazi ipi ina udongo chini yake na ipi ina hewa tupu, na nataka mlijue hilo kabla halijawafundisha kwa njia iliyonifundisha mimi.

Aliyenipokea kazini Rissne alikuwa mama mmoja wa kaskazini, jina lake Gunnel, karibu miaka sitini, mwenye ugoro chini ya mdomo tangu asubuhi mpaka jioni. Nilimwita Bi Gunnel kwa wiki nzima. Siku ya nane akaniuliza amenikosea nini, maana hapa kumpamba mtu kwa heshima kunaweza kuonekana kama kumsukuma mbali. Basi nikamwita Gunnel, na kila nilipotamka jina lake tupu namna ile nilihisi mama yangu ananitazama.

Siku ya kwanza aliyonituma nikamwage mchanga, nilifungua sanduku la kijani lililo kando ya ngazi nikakuta kokoto ndogondogo. Nikadhani tumepunjwa. Mchanga ninaoujua mimi ni ule wa kujengea. Nikatafuta wavu, nikaanza kuchekecha ili nipate ule laini. Gunnel alinikuta na vilima viwili, kimoja cha vumbi na kimoja cha kokoto.

"Unataka kuwajengea nyumba?" akauliza.

"Natenganisha mchanga."

"Hizo unazozitupa ndizo mchanga wenyewe. Vumbi halimshiki mtu."

Alisimulia kisa hicho kila sherehe ya kufunga mwaka mpaka alipostaafu.

Ni yeye aliyenifundisha kuusikiliza utabiri. Alisema redio ikitaja nyuzi tatu juu ya sifuri, hiyo ni hewa iliyopimwa mita mbili kutoka chini. "Mita mbili," alisema, akinyoosha mkono juu ya kichwa chake. "Nani anatembea huku juu? Watu wanatembea huku chini." Usiku ukiwa mweupe wa nyota, bila upepo, chini hupoa kuliko juu, na unaweza kuteleza asubuhi ambayo redio haikutaja sifuri hata mara moja. Tena utabiri ule ni wa mkoa mzima, maziwa, misitu na mji kwa pamoja. Hakuna mtabiri aliyewahi kuja kusimama kwenye ngazi yako.

Ndiyo maana alinifundisha kugusa chuma. Kabla ya kumwaga chochote, vua glavu, shika kishikio cha ngazi. Kisha gusa jiwe la ngazi yenyewe. Ngazi iliyokaa juu ya udongo hukaa na joto la kiangazi siku nyingi. Ngazi inayoning'inia, yenye hewa chini yake, haina akiba. Huganda kwanza, wakati zile nyingine bado zinakudanganya.

Rissne tulikuwa na ngazi moja ya namna hiyo. Ilishuka kutoka jengo la juu kuelekea kituo cha treni, vidato kumi na tisa vya zege, upande ambao jua la asubuhi halifiki. Aliyeipenda kuliko wote alikuwa Mama Aline.

Mama Aline alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mwenyeji wa Bukavu, akiishi ghorofa ya tatu na binti yake Solange na mjukuu mmoja ambaye aliulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswidi. Mimi aliniita Tanzania. Nilimwambia mara nyingi kwamba naitwa Sanga, akasema jina hilo ni dogo kwa mtu mwenye nchi kubwa hivyo. Alikuwa na kishamba cha kukodi ng'ambo ya reli, kipande cha ardhi kama sebule mbili, na humo alipanda lengalenga, yaani mchicha, mbegu yake aliipata kwa mwanamke mwenzake wa kwaya. Kila asubuhi alishuka ile ngazi peke yake, na kapu, akihesabu vidato kwa Kifaransa. Solange hakupenda. Alikuwa akihudumia wazee kazini, alishaona nyonga nyingi zilizovunjika. Lakini Mama Aline alikuwa na ufunguo wake mwenyewe, akiuning'iniza shingoni kwa utepe mwekundu, na aliyekuwa na ufunguo ndiye aliyeamua.

Mwaka ule majira ya majani kupukutika yalikuwa mazuri kupita kiasi. Watu walikaa nje na mikono wazi. Redio ilisema joto, kavu, joto, kavu, mpaka tukazoea kama wimbo. Masanduku ya mchanga yalikuwa bado yamefungwa kwa kufuli, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Gunnel.

Jumatano nilimkuta Mama Aline kwenye ngazi.

"Tanzania, redio inasema nini?"

"Joto, mama. Kavu mpaka Jumapili."

"Basi lengalenga yangu itangoja. Mbegu haiyakauka muzuri. Nitakata Jumamosi."

"Ingoje tu, mama. Hakuna haraka."

Alhamisi jioni utabiri ukageuka. Hewa ya kaskazini ilishuka mapema kuliko ilivyotarajiwa, wakatangaza sakitu, ule umande unaoganda ukawa mweupe, kwa mkoa wote, hasa sehemu za bondeni. Mimi sikusikia. Nilikuwa nimelala na viatu miguuni, nimechoka kwa kufagia majani, na redio nilikuwa nimeizima kwa sababu niliamini nimeshajua itakachosema.

Asubuhi nilifika saa kumi na moja na nusu. Nyasi zilikuwa nyeupe. Ile ngazi ilikuwa nyeupe kuanzia juu mpaka chini, kama imenyunyiziwa unga.

Hapa inabidi niwaambie nilikotoka, la sivyo mtaniona mwehu. Mimi ni mtu wa Makete, milimani. Wanaodhani Tanzania yote ni joto hawajalala kwetu mwezi wa saba. Sakitu tunaijua. Inalala juu ya viazi usiku, na jua likiipiga, majani yanaungua na kuwa meusi kama yamepitiwa na moto. Kwa hiyo mama yangu alituamsha kabla ya jua, kila mtoto na kopo lake, tunamwagia maji majani ya viazi mstari kwa mstari ili sakitu ioshwe kabla jua halijatokeza. Tulilia kwa baridi ya vidole. Mama alipita nyuma yetu akisema, "Maji kwanza, machozi baadaye." Na viazi vilipona. Nilivila, najua.

Basi niliposimama mbele ya ile ngazi, sanduku likiwa na kufuli na Gunnel akiwa bado hajafika, sikufikiri hata kidogo. Mkono ulifikiri. Nilishuka chumba cha kuhifadhia vifaa, nikajaza ndoo maji ya uvuguvugu, nikaiosha ngazi kidato kwa kidato kama shamba la mama. Ndoo tatu. Weupe wote uliyeyuka. Zege likabaki jeusi, safi, linametameta kidogo chini ya taa. Nilirudi nyuma nikaitazama. Niliona fahari, nawaambia kweli. Nilijiambia Gunnel akifika atajua kwamba kijana wa milimani naye ana ujuzi wake.

Nikaenda kufungua jengo la pili.

Makete jua linatoka na kukausha kila kitu. Stockholm mwezi wa kumi jua hutoka saa moja na nusu asubuhi, na upande ule lisingefika kabisa.

Mama Aline alitoka kabla ya saa moja. Aliona nyasi nyeupe kutoka dirishani akaogopa kwa ajili ya mbegu zake. Alipofika kwenye ngazi aliona zege kavu, ndivyo alivyosema baadaye: "Niliona iko propre, iko safi kabisa, nikasema leo ngazi haina shida." Kama angeuona ule weupe angerudi ndani, au angeshika kishikio kwa mikono miwili. Sakitu hujitangaza. Mimi nilikuwa nimeifuta na kuweka mahali pake barafu isiyoonekana.

Nilimsikia. Hakupiga kelele. Nilisikia kapu likidunda chini, kidato baada ya kidato.

Mkono wa kushoto ulivunjika juu ya kiganja, na paja likavimba na kuwa jeusi lakini mfupa ulipona. Nilimfunika kwa koti langu mpaka gari la wagonjwa lilipokuja. Alinishika kola akasema, "Tanzania, hii miguu yangu imezeeka." Nami nikanyamaza.

Gunnel alifika gari likiwa linaondoka. Alikuwa amevaa vile vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu, na bado kidato cha pili kilimtelezesha akashika kishikio. Akapiga magoti. Akachungulia ukingo wa kidato, akavunja kwa vidole kitu kilichoning'inia hapo akanionyesha. Kilikuwa kijiti cha barafu, kirefu kama kidole cha mtoto.

"Sakitu haidondoki," alisema.

Ndoo ilikuwa nyuma yangu, nimeisimamisha mlangoni, bado inatoa mvuke kidogo au pengine ni macho yangu tu.

Alifungua sanduku, tukamwaga kokoto. Mchana alinipa fomu ya ajali. Alikuwa ameijaza mahali, saa na jina la aliyeumia. Pale palipoandikwa sababu aliacha wazi. "Hapo utajaza wewe," akasema. "Naipeleka Jumatatu."

Niliikunja nikaiweka mfuko wa ndani wa koti. Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio. Ningeandika "sakitu ya kwanza ya mwaka," hakuna ambaye angebisha. Redio yenyewe ingenishuhudia. Nilijaribu kuandika hivyo Ijumaa, nikajaribu tena Jumamosi. Kalamu iliandika tarehe ikaishia hapo.

Jumapili nilikwenda kumwona. Nilibeba ndizi, kama mtu anayekwenda hospitali ya kwetu. Solange alinifungulia, macho mekundu. Mama Aline alikuwa kitini, mkono umefungwa plasta, na shingoni hapakuwa na utepe mwekundu. Ulikuwa mkononi mwa Solange, ameuzungushia vidole, na ufunguo unaning'inia.

"Karibu, kaka," Solange akasema. "Umekuja wakati mzuri. Mwambie mama. Wewe uliona. Miguu haimbebi tena. Kishamba nakirudisha, na kutoka atatoka na mimi nikiwa sipo kazini."

"Wewe uko kazini kila siku," mama yake akasema.

"Basi utatoka siku nisiyo kazini."

"Nikae humu kama pot ya maua?"

"Maua hayavunjiki mkono, maman."

Mama Aline alinitazama mimi. Nilitarajia aombe nimtetee, lakini akasema kwa upole, kama anayenirahisishia, "Sema tu, Tanzania. Uliona mwenyewe. Nilianguka mahali pakavu."

Nimewahi kubeba mashine ya kufulia nguo ghorofa nne. Haikuwa nzito kama sentensi ile.

"Hapakuwa pakavu, mama," nikasema. "Nilipamwagia maji."

Solange alinigeukia. "Ulifanya nini?"

Nikawaeleza. Sakitu, sanduku, ndoo tatu. Nikawaeleza viazi vya Makete na mama yangu na makopo. Nilipofika hapo nilijisikia kama mtu anayetafuta huruma, nikaacha. Nikasema, "Miguu yake haina kosa. Hata Gunnel aliteleza, na viatuni alikuwa na meno ya chuma. Hata wewe ungeanguka, dada. Hata mimi."

Solange alisema maneno ambayo nilistahili. Alisema nafanya kazi ya kulinda watu nami nawategea mtego. Alisema siku mbili nzima nimemwacha mama yake aamini amekwisha. Hilo la pili ndilo ninalolisikia mpaka leo. La kwanza lilikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Zile siku mbili nilikuwa najua.

Mama Aline alimwacha amalize. Kisha akauliza, "Hivi viazi ya mama yako, vilipona?"

"Vilipona, mama."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka tuliowahi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi ulinifanya kiazi." Akaanza kucheka, kicheko kikamuumiza paja, akashika kiti akiendelea kucheka na kuugulia. Mjukuu wake alitoka chumbani akauliza kwa Kiswidi kuna nini, bibi yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba kuna Mtanzania ambaye amekuja kuvuna.

Solange hakucheka. Mama yake akanyoosha mkono mzima. "Leta ufunguo."

"Maman."

"Umesikia. Miguu haina kosa. Leta."

Solange hakuuweka kiganjani. Aliuweka mezani, karibu na mkono ule, kisha akaenda jikoni kuchemsha maji ya chai. Mama Aline aliuvaa mwenyewe kwa mkono mmoja. Ilichukua muda. Nilitaka kumsaidia nikajizuia.

Jumatatu fomu ilikuwa imejaa, kwa Kiswidi changu cha wakati ule, kibovu lakini kweli tupu. Gunnel aliisoma akiwa amesimama. Kisha akachukua kalamu akaongeza mstari chini ya jina langu: kwamba utabiri ulibadilika Alhamisi jioni, yeye aliusikia, na ufunguo wa sanduku ulikuwa mfukoni mwake usiku kucha. "Hili ni langu," akasema. Nilipewa onyo la maandishi na mkataba wa majaribio ukarefushwa mwaka mzima. Tangu mwaka ule masanduku yalifunguliwa majani ya kwanza yalipoanza kuanguka, redio iseme joto kiasi gani.

Lengalenga yote ilikufa na sakitu ile. Ikawa nyeusi, ikalala chini. Mama Aline alimwandikia mwenzake wa kwaya akapata mbegu nyingine, na mwezi wa tano nilimlimia. Solange alikuja pia, akasimama kando na glavu zake za kazini, mwishowe akainama.

Na kila asubuhi ya baridi, kwa miaka yote niliyokuwa Rissne, bibi yule alisimama juu ya ngazi, akapiga kidato cha kwanza kwa kisigino, akaniita popote nilipokuwa.

"Tanzania! Maji ao mchanga?"

"Mchanga, mama!"

Hapo ndipo alipoanza kuhesabu. Wapangaji wengine walidhani ni salamu ya kwetu.

Alifariki akiwa kitandani kwake, wakati wa kiangazi, dirisha wazi. Solange alinipa utepe ule mwekundu. Ninao.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika. Mwaka huu tena mwezi wa kumi ulikuwa wa joto na ukavu, watu wakakaa nje na mikono wazi, na tena utabiri ukageuka jioni. Safari hii niliusikia. Sikulala vizuri. Alfajiri nilichukua treni ya kijani kutoka Rågsved, nikabadilisha ya bluu, nikashuka Rissne nikiwa sina kazi yoyote huko. Nyasi zilikuwa nyeupe. Nilipanda kilima polepole kwa magoti haya, nikazunguka mpaka juu ya ile ngazi, nikavua glavu, nikashika chuma. Kiliuma.

Giza lilikuwa bado halijaondoka vizuri, sikuweza kuona vidato viko vipi. Vilikuwa vyeusi tu. Kama siku ile.

Nikainua mguu, nikapiga kidato cha kwanza kwa kisigino.

Kokoto zikalia chini ya kiatu.

Wewe uliyepita hapo kabla ya saa kumi na mbili, sijui jina lako. Nilitazama huku na huku nikuone, ulikuwa umeshakwenda jengo la pili. Nilishuka vidato vyote kumi na tisa, nikivihesabu kwa sauti, na hakuna hata kimoja ulichokiruka.